Sakafu ya Duka la Mizani

Nasambu alikufa akiwa amepiga magoti, uso umeegemea mlango, vidole vimeshika tambara lililoziba ufa wa chini. Mumewe Phanuel alilala ubavu kando ya jiko. Mkononi alikuwa bado na kipande cha katoni alichokuwa akipepelea makaa.

Ilikuwa asubuhi ya Februari katika ploti ya Mama Waceke, Gatina, Kawangware, jijini Nairobi. Wapangaji walikuwa wameuvunja mlango kwa shoka. Inspekta Mutie alisimama nje, akangoja hewa ya chumba ibadilike kabla ya kuingia. Aliangalia komeo. Lilikuwa limefungwa kwa ndani.

"Jiko tena, afande," alisema Sajini Nderitu. "Kila mwaka tunawaambia watu."

"Wanawasha jiko ndani kwa sababu ya baridi. Baridi iko wapi?"

Nderitu alijifuta jasho shingoni.

Dirisha dogo lilizibwa kwa gunia. Nyufa za mbao zilijazwa matambara, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu wa fundi. Phanuel alikuwa seremala, na kazi yake ya mwisho aliifanya vizuri.

Juu ya jiko palikuwa na kikaango. Ndani yake hamkuwa na mafuta, wala kitunguu, wala chumvi. Kulikuwa na nusu ya kiazi tu, kimelala kifudifudi, kimeungua. Mutie alikigeuza kwa ncha ya kalamu. Katikati kilikuwa kimechongwa shimo la mviringo. Chini yake palibaki donge la manjano, dogo kuliko punje ya mahindi.

Sakafuni kitu kilimeta. Mutie aliinama akakigusa kwa njiti ya kiberiti. Tone la rangi ya fedha lilipasuka likawa mawili, yakakimbia kila moja upande wake.

"Zebaki," alisema. "Mtu yeyote asifagie humu."

Mama Waceke, mwenye ploti, alikuwa ameketi kwenye jiwe nje ya mlango. Kabla polisi hawajafika alikuwa amevua leso yake mwenyewe akamfunika Nasambu miguu. Sheria inasema maiti isiguswe. Mutie aliiona leso ile, akaiacha ilipo.

"Walikuwa na mtoto, Mama?"

"Mmoja. Shiundu. Bado mdogo, hata hajajua kufunga vifungo. Mungu alimwondoa."

"Alimwondoa vipi?"

"Shangazi yake alimchukua jana mchana. Dada yake Phanuel, anaitwa Kageha. Alitoka kwao Kakamega akaja kuwatembelea, na sasa anakaa Kibera kwa rafiki yake wa kanisa. Mama mzuri sana huyo, afande. Alisema mtoto ana kikohozi, moshi wa huku haumfai. Hata nguo zake zilizokuwa kwenye kamba alizianua, mbichi vile vile. Nikamwambia, 'Si ungoje zikauke?' Akacheka, akasema atazianika huko."

"Alianua nguo zote?"

"Zote. Na kikombe chake, na kale kablanketi."

"Alimchukua akae naye muda gani?"

"Alale usiku mmoja, amrudishe leo."

Mutie aliitazama kamba ya nguo. Vibanio vilikuwa vimebaki peke yake.

"Phanuel alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Phanuel? Alikuwa na furaha siku hizi. Juzi alinitania, 'Mama Waceke, ukizeeka utaniuzia ploti hii.' Nikamwambia nimezeeka kitambo na bado siuzi." Tabasamu lilimjia mama yule, kisha likakatika. "Alisema baba yao amewaachia jumba la mawe kule Kakamega, la tangu wakati wa wazungu wa dhahabu. Alitaka kuliuza anunue ploti huku."

*

Kageha alikuwa akimwogesha mtoto katika karai, nje ya chumba cha rafiki yake Magdaline, upande wa Kibera unaopakana na reli. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mwenye mikono mikubwa. Kabla ya kumwagia mtoto maji aliyapima joto kwa kiwiko.

Mutie alimpa habari kwa maneno machache. Kageha alimtoa mtoto majini, akamfunga taulo, akamkabidhi Magdaline. Kisha ndipo alipoketi chini akalia, akiwaita marehemu kwa majina kama watu wa kwao wanavyolia.

Mutie alingoja amalize.

"Uliwaona mara ya mwisho lini?"

"Jana, nilipokwenda kumchukua baba."

"Baba yupi?"

"Ni huyu mtoto, afande," alieleza Magdaline. "Amepewa jina la babu yake, mzee Shiundu, aliyefariki mwaka juzi. Kwetu, aliyepewa jina la baba yako ni baba yako. Kageha hawezi kumwita vingine."

Mutie aligeuka kwa Kageha. "Kwa nini ulimchukua?"

"Alikuwa anakohoa."

"Sijamsikia akikohoa."

"Nimempa tangawizi."

Nyuma yake nguo ndogo zilikuwa zimeanikwa kwenye seng'enge, zimekauka. Mashati, kaptura, hata sweta ya kwenda kanisani.

"Phanuel alikuwa anachoma nini kwenye kikaango?"

"Nitajuaje? Chakula, labda."

"Tulikuta zebaki. Watu wa dhahabu ndio huitumia. Kwenu kulikuwa na dhahabu."

"Hayo ni mambo ya wazee, afande. Mimi ni mtu wa jembe."

"Hukuwahi kuona wakiichoma?"

"Sikuwahi."

Alijibu akimpaka mtoto mafuta miguuni, taratibu, kidole kwa kidole.

"Miili tutapewa lini?" aliuliza. "Nataka kuwapeleka nyumbani wazikwe. Na baba nirudi naye."

"Nitakuita. Kabla ya hapo usitoke Nairobi."

*

Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa mtu wa sauti ndogo. Alizungumza akinawa mikono.

"Gesi ya makaa ndiyo iliyowaua. Unaona ngozi ilivyo nyekundu? Lakini zebaki pia imo mapafuni. Hata kama wangeokolewa asubuhi, ingewaua baadaye, polepole, wakikohoa."

"Mwanamke alifika mlangoni. Kwa nini hakufungua komeo?"

"Gesi hiyo hulegeza mikono na miguu kabla akili haijazimika. Alijua anakufa, Inspekta. Mikono tu ndiyo iliyokataa."

Mutie alivaa kofia yake. Mlangoni aligeuka.

"Wafunike vizuri," alisema. "Na leso ya mwenye ploti isiondolewe."

*

Jumba la mzee Shiundu lilikuwa katikati ya mji wa Kakamega, likitazama barabara ya soko. Kuta zake zilikuwa za mawe ya kuchonga. Varanda ilishikiliwa na nguzo nene, na juu ya mlango palikuwa na mizani iliyochongwa kwenye jiwe, imeliwa na mvua. Watu wa mji waliliita Duka la Mizani, ingawa hapakupimwa chochote hapo tangu kabla ya Uhuru, isipokuwa sukari.

Kwenye varanda alikaa fundi cherehani mmoja, mzee Ishmael, aliyekuwa mchimbaji ujanani mwake. Alimpa Mutie kiti chake, yeye akakaa juu ya sanduku la nguo.

"Dhahabu ilinunuliwa pale," alisema, akionyesha dirisha la nondo ndani ya duka. "Tulikuja na vumbi letu ndani ya manyoya ya bata, yale yenye uwazi katikati. Unamimina kwenye mizani, mkono unatetemeka, kidogo kinaanguka. Muhindi mnunuzi hakubali uinue ubao utafute. Kila mtu alimwaga kidogo, miaka yote hiyo. Sakafu ile imekula kuliko wengi wetu."

Mutie aliingia. Chini ya dirisha la nondo, mbao za sakafu zilikuwa zimeng'olewa, na udongo wa chini umekwanguliwa mpaka kwenye mwamba.

"Nani aling'oa hizi?"

"Kageha. Alisema ni mchwa."

"Ulimwamini?"

"Huo ni mvule, afande. Mchwa haugusi. Lakini mimi ni mpangaji, na mpangaji huamini."

Mutie alicheka kidogo, akarudi kitini varandani, akatoa mfukoni kiazi alichokichonga mwenyewe. "Umewahi kuona kitu kama hiki?"

Ishmael alikipokea akakigeuza kwa muda mrefu.

"Mzee Shiundu alituchomea sote namna hii. Alianza kazi hapa kama mfagiaji, akajifunza. Unachanganya vumbi na zebaki, zebaki inakamata dhahabu. Unaweka donge kwenye kikaango, unalifunika kwa kiazi. Moto unaifukuza zebaki, kiazi kinaimeza, dhahabu inabaki peke yake."

"Mlichomea ndani ya nyumba?"

Mzee alimtazama kama mtu anayeulizwa kama watu hulala kwenye makaa.

"Nje. Kilimani, upepo ukiwa mgongoni. Hata kuku tuliwafukuza kwanza. Moshi ule umeua wanaume wenye nguvu."

"Nani alikuwa akimsaidia mzee?"

"Kageha. Tangu msichana. Alichonga viazi mpaka vidole vikapata sugu."

"Na Phanuel?"

"Phanuel alisomea misheni, halafu Nairobi. Hakushika karai la dhahabu hata siku moja."

Ishmael alirudisha kiazi. Akaanza kushona pindo ambalo lilikuwa limeshonwa tayari.

"Nitakwambia kitu, afande, na usikichukue vibaya. Mzee alipopooza, Kageha alimwacha bwana yake akarudi kumtunza. Kila asubuhi alimbeba mgongoni mpaka hapa ulipokaa, aote jua. Alimkata kucha, alimnyoa. Phanuel alikuja siku ya mazishi. Akaja tena baada ya Krismasi na mnunuzi, akipima ukuta kwa futi yake ya useremala. Kageha akamuuliza, 'Na mimi nitakwenda wapi?' Phanuel akamjibu mbele yetu, 'Dada, wewe uliolewa. Godoro lako liko kwa bwana yako.' Mnunuzi akacheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu mnunuzi ndiye angekuwa mwenye nyumba wangu."

"Kageha alisema nini?"

"Aliingia ndani akawapikia chai."

*

Aliporudi Nairobi, Mutie alimwita Kageha kituoni mchana, aje na mtoto, kwa ajili ya kibali cha kuchukua miili. Mama Waceke aliitwa pia. Alikuja na maandazi, akamkalisha mtoto mapajani kwenye benchi la nje.

Ndani, Mutie alikuwa amefunga dirisha akaliziba kwa gunia. Katikati ya chumba aliweka jiko, kikaango na nusu ya kiazi kifudifudi.

"Afande," alisema Nderitu kwa sauti ya chini. "Mtoto aingizwe humu? Hili mimi silipendi."

"Makaa ni machache, na nusu ni majivu. Wewe kaa mlangoni na mkono kwenye kitasa."

"Nitakaa. Lakini silipendi."

Kageha aliingia, akaona jiko. Aliketi. Mikono yake mikubwa aliiweka juu ya magoti.

"Kuna donge lingine tulilipata chini ya kitanda cha kaka yako," Mutie alidanganya. "Nataka kuona linavyofanya kazi."

Alichukua kipande cha katoni akaanza kupepea. Kageha alitazama dirisha.

"Kuna joto humu, afande."

"Ndiyo. Lakini upepo ukiingia, dhahabu itapeperuka. Si ndivyo mtu alivyomwambia Phanuel?"

Alikuwa akibahatisha. Mwanamke aliyahamisha macho kutoka dirishani hadi mlangoni.

"Mimi sijui mambo hayo."

"Basi tutajifunza pamoja. Sajini, mlete mtoto."

Nderitu alimwingiza Shiundu akiwa ameshika andazi, akafunga mlango. Mtoto alimwona shangazi yake akatabasamu. Kisha akaliona jiko, akalikaribia, akainama.

"Kiazi," alisema.

"Mwache aone," alisema Mutie, akazidi kupepea. "Sogea, baba. Angalia vizuri."

Kiti kilianguka. Kageha alikuwa amemnyakua mtoto, amemficha uso kifuani kwake, anausukuma mlango kwa bega.

"Fungua. Mtoeni baba. Mtoeni, inaua hii."

"Nini kinachoua, Mama?"

"Zebaki. Haichomwi ndani ya nyumba, afande, hata mtoto wa kwetu anajua kwamba hai..."

Akasikia alichokuwa amekisema.

Nderitu alikuwa ameshafungua mlango, akamchukua mtoto akampa Mama Waceke, akarudi na daftari. Mutie aling'oa gunia dirishani. Hewa iliingia. Alinyanyua kiazi kwa vidole viwili. Chini yake palikuwa na kifungo cha shati.

Kageha alikitazama kifungo kile. Kisha akainua kiti, akakisimamisha vizuri, akaketi.

"Si lazima useme chochote," alisema Mutie. "Lakini utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumiwa kama ushahidi dhidi yako."

"Andika."

"Zebaki uliitoa wapi?"

"Baba alibakiza kwenye chupa. Aliizika nyuma ya duka."

"Ulimwambia nini Phanuel?"

"Nilimwambia, 'Kabla hujauza, chukua kilichomo sakafuni. Kisiende kwa mnunuzi bure.' Alifurahi. Alinikumbatia. Hakuwa amenikumbatia tangu tuwe watoto. Nikampa donge, nikamfundisha kiazi. Nikamwambia azibe kila mahali, majirani wasione, na upepo usiipeperushe. Asifungue mpaka kiazi kiwe cheusi kabisa."

"Yeye ni mtu wa mji. Hakujua jiko linaua?"

"Alijua. Aliniuliza. Nikamwambia ni la muda mfupi tu. Mtu akishaona dhahabu, afande, anaamini ni muda mfupi."

"Alikufukuza. Hilo nimelisikia."

"Kunifukuza ningevumilia. Lakini alimfukuza baba. Pale baba alifagia, alipigwa makofi na mnunuzi wa dhahabu, kisha akapanunua jiwe kwa jiwe. Phanuel alitaka pawe pa mtu aliyecheka."

Nderitu aliacha kuandika. Mutie alimpa ishara aendelee.

"Na Nasambu alikukosea nini?"

"Hakunikosea." Sauti yake haikubadilika. "Nilipofika alinipa kitanda chao, wakalala chini. Alinipashia maji ya kuoga kila asubuhi. Alinipa blanketi lake."

"Ungeweza kumwita Kibera pamoja na mtoto."

"Ningeweza."

"Kwa nini hukumwita?"

"Bado alikuwa kijana. Angeolewa tena, angempeleka baba kwa watu wengine, wamwite jina lao. Mjane akiwapo, shangazi si kitu. Nilimwambia hii kazi inataka watu wawili, mmoja apepee, mwingine azibe. Alitaka kwenda kanisani jioni ile, mazoezi ya kwaya. Nilimwomba asiende."

Nje, mtoto alikuwa akimwambia Mama Waceke habari za kiazi.

"Hesabu yako ilikuwa nini, Kageha?"

"Duka lingekuwa la baba. Mtoto wa kiume hafukuzwi. Mimi ningekaa mle nikimlea mpaka awe mkubwa, na angeketi varandani asubuhi kama zamani." Aliitazama mikono yake. "Nilikosea nguo tu. Niliona Nasambu amezifua, nikafikiri, zikibaki usiku huu hakuna wa kuzianua."

Mutie alimfunga pingu yeye mwenyewe. Hakuzikaza.

"Mtoto atakwenda wapi?" aliuliza Kageha.

"Mama yake Nasambu yuko njiani kutoka Bungoma."

Kageha aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza.

Kabla kesi haijaisha, ndugu za mzee Shiundu waliliuza Duka la Mizani kwa mnunuzi yule yule. Mtoto hawakumdai. Mnunuzi aling'oa mvule wote uliobaki, akamwaga saruji.

Kesho yake baada ya Kageha kukamatwa, bibi wa Bungoma alikuwa amefika Gatina akiwa amevaa viatu vya kuazima, vimemwumiza. Mama Waceke alimpa maji ya chumvi aloweke miguu. Nguo za mtoto alikuwa amezifua upya, amezipiga pasi, amezifunga kwenye kitambaa safi pamoja na kikombe na blanketi. Inspekta Mutie alikuja kuangalia tu, akasimama kando ya kamba ya nguo na kofia mkononi.

Bibi alimvuta mtoto katikati ya magoti yake. Mtoto alikuwa na macho ya Nasambu. Bibi alimfuta makamasi kwa kiganja.

"Unaitwa nani, mjukuu wangu?"

"Baba," alijibu mtoto.

Bibi alitikisa kichwa.

"Hilo tuliache huku," alisema kwa upole, akimfunga vifungo vya sweta. "Kwetu utaitwa Wesonga."

Mtoto alilijaribu jina lile mdomoni, mara ya kwanza likamshinda. Mara ya pili alilisema sawasawa, na bibi akampa andazi.